Nimelipa fundi mwenye leseni, kafunga kengele za moshi kama mapambo ya dari!

Wakuu, leo nina povu. Mlioko nyumbani mnaodhani kulipua kazi ni ugonjwa wa mafundi wa Bongo tu, karibuni Minnesota.

Nyumba yetu ina mtambo wa gesi wa kupasha joto kule chini, garaji imeshikana na nyumba, vyumba vya kulala viko juu. Kwa hiyo hofu si moshi peke yake, kuna na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Tukaita kampuni ya umeme ituwekee kengele mpya za umeme wa volti 120 zenye betri ya akiba, zinazonasa moshi na gesi kwa pamoja. Wakaja na gari lenye nembo, sare zimepigwa pasi. Wakamaliza haraka, bili ikatua.

Walipoondoka nikabonyeza kitufe cha majaribio kwenye ile ya chini. Ikapiga kelele. Za juu? Kimya kabisa! Napiga simu, jamaa ananiuliza, "Taa ya kijani inawaka?" Inawaka. "Basi iko poa."

Poa ya nini? Taa ya kijani inakwambia umeme umefika, basi. Sheria ya ujenzi huku inataka ikilia moja zilie zote. Nikazima breka, nikashusha moja darini. Waya mweusi umefungwa, mweupe umefungwa, ule mwekundu unaopeleka taarifa kutoka kengele moja hadi nyingine umekunjwa na kusukumizwa ndani ya boksi. Waya upo, umepitishwa ukutani nyumba nzima, na mtu aliyesomea umeme kaona hauna kazi!

Sasa fikirieni Januari, usiku, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, mtambo unaunguruma, bomba la kutolea moshi limeziba. Kengele inalia huko chini kwenye mtambo wa gesi, watoto wamelala juu milango imefungwa. Nani ataisikia? Kaboni monoksaidi inakuongezea usingizi, haikuamshi.

Hayo ni ya waya. Nyingine wameibandika karibu kabisa na mlango wa bafu, wakati NFPA 72, kanuni ya Marekani ya kengele za moto, inataka ikae angalau inchi 36 kutoka mlango wa bafu lenye shawa. Kila mtu akioga maji ya moto italia, mwisho wa siku mtu atachomoa betri kwa hasira. Nyingine bado imevaa kile kifuniko cha plastiki cha kuzuia vumbi, yaani imezibwa pua. Na sheria ya Minnesota inataka kengele ya kaboni monoksaidi iwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Nimepima kwa futi kamba, chumba cha watoto kiko nje ya hapo.

Kilichonichefua zaidi: moja ya zamani, ya kampuni tofauti kabisa, wameiacha palepale kwenye ngazi na kuihesabu kwenye bili kama mpya. Nikaigeuza mgongoni, tarehe ya kutengenezwa imeshapita miaka 10. Muda wake wa kazi umeisha, na hata ingekuwa nzima, kengele za kampuni tofauti hazichanganywi kwenye mnyororo mmoja hivihivi.

Nimewauliza kibali cha umeme kiko wapi, mkaguzi anakuja lini. Wakaanza kigugumizi. Baadaye meneja anasema watarudi, ila nilipie "ziara ya pili". Nilipie waya ambao waliukunja wao!

Silipi hata senti. Picha nimepiga zote, bili ninayo. Leseni za makandarasi wa umeme hapa ziko chini ya Idara ya Kazi na Viwanda ya jimbo, na malalamiko naandika wiki hii. Mdau aliyewahi kufungua kesi huko aniambie: waliomba picha tu, au nisiguse kitu mpaka mkaguzi aje aone mwenyewe? Maana mke wangu anataka ule waya mwekundu uunganishwe leo leo, na sina hoja ya kumpinga.