Maumivu sugu ya kinena na nyonga kwa mwanaume: neva ipi ichunguzwe?

Muulizaji: Wakuu wa tiba, naomba ufafanuzi. Mwanaume anaumwa kinena na msamba zaidi ya miezi 3. Mkojo hauna maambukizi, ultrasaundi ya korodani na tezi dume haina kasoro, antibayotiki hazijasaidia kitu. Neva zipi zinahusika, na zinatofautishwaje?

Jibu 1: Mkuu, kwanza aoneshe kwa kidole panapouma. Kinena, paja la ndani juu na shina la uume ni eneo la neva ya ilioingwino, itokayo L1 (mzizi wa neva kwenye pingili ya kwanza ya kiuno). Ikiwa maumivu yanashuka hadi kwenye korodani, fikiria pia neva ya jenitofemorali (L1–L2). Msamba, nyuma ya mfuko wa korodani, uume na njia ya haja kubwa ni eneo la neva ya pudendali (S2–S4, mizizi ya chini kabisa mgongoni, kwenye sakramu). Mipaka hii huingiliana, kwa hiyo usihukumu kwa ramani peke yake.

Muulize kama aliwahi kupasuliwa ngiri. Neva hizo mbili za kwanza hupita palepale pa upasuaji, na zinaweza kunaswa na uzi, kovu au wavu unaowekwa kuziba ngiri. Bonyeza sehemu inayouma huku amelala chali, kisha ainue kichwa na mabega. Maumivu yakizidi tumbo likikazwa, shuku ukuta wa tumbo kuliko viungo vya ndani.

Jibu 2: Kwa pudendali, tumia vigezo vya Nantes vya 2008, yaani orodha ya kutambua maumivu ya neva hiyo: maumivu yako ndani ya eneo lake, huzidi akikaa, hayamwamshi usiku, hakuna ganzi inayopimika kwenye ngozi, na hupungua kwa sindano ya ganzi kwenye neva hiyo. Dalili moja husaidia sana: akikaa kwenye choo cha kukalia hupata nafuu, kwa sababu msamba haugandamizwi. Lakini sindano kufanya kazi hakuthibitishi kwamba neva imebanwa. Hata ugonjwa wa njia ya haja kubwa utatulia ukitia ganzi neva inayobeba maumivu yake. Ndiyo maana MRI (picha ya sumaku) ya nyonga inafaa, ili uvimbe usipitwe.

Jibu 3: Naongezea mgongo. Hitilafu kati ya T12 (pingili ya mwisho ya kifua) na L1 inaweza kupeleka maumivu kinenani bila kiuno kulalamika, kwa hiyo bonyeza pingili hizo pia.

Misuli ya sakafu ya nyonga (inayoshikilia kibofu na njia ya haja kubwa kwa chini) ikiwa imekakamaa, mazoezi ya kuibana huongeza tatizo. Anahitaji fiziotherapia ya kuilegeza. Apumzishe baiskeli, akalie mto wenye uwazi katikati. Amitriptilini, dawa ya maumivu ya neva, huanza na miligramu 10 usiku, daktari akipandisha taratibu, ila kwa mwenye tezi dume kubwa inaweza kuzuia mkojo.

Mambo mawili hayasubiri miadi: ganzi ya msamba na makalio pamoja na kushindwa kukojoa, au korodani kuuma ghafla. Korodani iliyojisokota inatakiwa ifunguliwe ndani ya takriban saa 6.