Tupeane uzoefu: ulinunua gari la spoti la paa la kukunja likiwa limetumika, ukakutana na nini?

Paa_Wazi
Wakuu, leo nimekaa kando ya barabara namsubiri mtu, ikapita Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, ile ya taa za kuchomoza. Paa limekunjwa, dereva kaishika kofia yake kwa mkono mmoja. Nikakumbuka ya kwangu hadi koo likakauka. Nilikaa nayo miaka minne, na siku niliyoiuza nililala bila kula.

Kosa langu kubwa: nililikagua jua likiwaka, paa limefunguliwa. Gari la namna hii likiwa wazi juani halina kasoro machoni pa mtu yeyote. Nikasikiliza injini, nikajaribu gia zote, nikatazama ekzosi, nikalipa. Mvua ya kwanza ilipopita, asubuhi nikakanyaga zulia la upande wa dereva likatoa maji kama sifongo. Nikatafuta tundu kwenye turubai siku mbili nzima. Turubai lilikuwa zima kabisa! Maji yanayoteremka kwenye paa hukusanywa nyuma ya viti na kushuka kwa vimirija viwili hadi chini ya gari, karibu na matairi ya nyuma. Vyangu vilikuwa vimeziba majani na tope, basi maji yakatafuta njia nyingine, na njia hiyo ilipita ndani ya vizingiti vya chini ya milango. Miaka mingapi yalikuwa yakipita huko, aliyeniuzia ndiye anayejua.

Nyie mlikutana na nini? Na mliobadilisha vitu, mlianza na kipi, na kipi mngekiacha?

Spana_10
Vimirija. Umemaliza. Mimi ni hivyo hivyo.

Bi_Usukani
Mimi betri. Kwenye matoleo mawili ya kwanza ya MX-5 betri inakaa buti. Mwenye gari kabla yangu aliweka betri ya kawaida isiyo na mpira wa kutolea hewa nje, ikapumulia mle ndani. Nilipoinua zulia la buti nikakuta bati limeliwa na tindikali, limekuwa kama mkate ulioliwa na panya. Kabla ya kuliuliza gari swali lolote, inua zulia la buti.

Mgeni_Barabarani
Shikamooni wakongwe. Mimi ndiyo kwanza natafuta. Roho inataka Honda S2000, mfuko unasema MX-5 ya toleo la pili. Mnishauri.

Bi_Usukani
Marahaba. S2000 nimeiendesha ya ndugu yangu mwaka mzima. Ilitengenezwa kuanzia 1999 hadi 2009, na injini ya ile ya kwanza, ya lita 2.0, inazunguka hadi karibu mara 9,000 kwa dakika. Utamu wake wote uko juu. Ukiendesha chini ya mizunguko 6,000 utajiuliza sifa zinatoka wapi, ukipita hapo utaelewa. Ila angalia oili kila unapojaza mafuta, usingoje taa ikuambie. Na tazama sana kama imewahi kugongwa, kwa sababu wengi walijifunzia kona za mvua kwenye gari hilo.

Spana_10
Chukua MX-5. Zimetengenezwa zaidi ya milioni moja, idadi hiyo ilifikiwa 2016. Kwenye gari kuukuu, urahisi wa kupata spea ni nusu ya raha.

Turbo_Taratibu
Chukua yoyote, kisha weka turbo, ile pampu ya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. MX-5 bila turbo ni baiskeli yenye redio.

Mzee_wa_Kabureta
Kijana, hapo umekosea, na nitakwambia wazi. Gari lile lilipozinduliwa Chicago mwaka 1989 lilikuwa na injini ya 1.6 na uzito usiofika tani moja. Wepesi ndiyo nguvu yake. Waliolibuni walihesabu kila kilo, nyie mnaliongezea mabomba, rejeta ya pili, rimu za inchi 17 na spika buti nzima, halafu mnalalamika breki hazishiki. Gari kuukuu lishukuriwe lilivyo.

Turbo_Taratibu
Mzee, shikamoo, lakini si kila mtu anataka kuishi ndani ya jumba la makumbusho. Nilifunga turbo mwenyewe, nikaitumia miaka miwili nikiwa na furaha.

Spana_10
Na mwaka wa tatu?

Turbo_Taratibu
Mwaka wa tatu ilivunjika pistoni. Naeleza ili Mgeni asirudie. Nilipandisha msukumo wa hewa bila kubadilisha nozeli za kupulizia petroli wala kurekebisha kompyuta ya injini. Hewa ikazidi, petroli ikabaki ile ile, mchanganyiko ukawa mkavu, ukaanza kulipuka kabla ya wakati wake. Nilisikia mlio kama kokoto kwenye kopo nikaufunika kwa muziki. Tulipopima mgandamizo, silinda tatu zilikuwa sawa, moja iko chini kabisa. Turbo haina kosa. Kosa ni kuanza na turbo ukamalizia na petroli, wakati kazi inatakiwa ianze upande wa petroli.

Mzee_wa_Kabureta
Marahaba. Hapo sasa umezungumza kama fundi.

Nyundo_Polepole
Nimesita kuandika hii, ila maneno ya Paa_Wazi kuhusu vizingiti yamenirudisha nilikokuwa.

Nilinunua ya kwangu rangi ikiwa imetuna kidogo mbele ya tairi la nyuma. Kivimbe kidogo tu, cha ukubwa wa ukucha. Muuzaji akasema ni kokoto za barabarani. Nilipofika nyumbani nikasukuma bisibisi pale, ikaingia hadi kwenye mpini. Ndani hakukuwa na bati. Kulikuwa na wavu wa dirisha umepakwa puti, juu rangi. Upande wa pili hivyo hivyo.

Nikampelekea fundi bodi ninayemheshimu hadi leo, mtu aliyenyoosha magari ya familia yasiyohesabika. Akalipandisha kwenye stendi nne, mbili mbele na mbili nyuma, akatoa milango, akakata vizingiti vyote viwili kwa pamoja, usiku akalala. Kesho yake akachomelea vipya, safi, mstari mmoja kama uzi. Tukarudisha mlango wa dereva. Haukufunga. Tukadhani bawaba zimelegea. Tukarudisha wa abiria, nao ukagonga ubavu wa nyuma, umepitiliza kwa upana wa kidole. Tukazunguka gari mara tatu hakuna anayesema neno. Kisha fundi akakaa chini, akasema taratibu: "Limekatika mgongo."

Gari la kawaida lina paa la bati linaloshikilia mbele na nyuma. La kwetu halina. Mzigo wote unabebwa na sakafu, na kwenye sakafu wanaobeba zaidi ni vizingiti vile viwili na lile handaki la katikati, kati ya viti. Tulipokata vyote kwa mpigo, gari likalala katikati kama kamba ya nguo, nasi tukalichomelea likiwa limelala hivyo hivyo.

Fundi wa pili alianza upya kabisa. Kabla ya kugusa grenda alichomelea vyuma vya mshikizo kwenye uwazi wa kila mlango, kutoka kwenye bawaba hadi kwenye kitasa. Akapima kona kwa kona akaandika ukutani. Akakata upande mmoja tu, akaumaliza, akapima tena, ndipo akahamia wa pili. Miezi mitano.

Baba yangu alikuwa anakuja kila Jumamosi kukaa pembeni na kutazama kazi. Alishaniambia kiti cha abiria siku ya kwanza ni chake. Miezi ile mitano ilimkuta mgonjwa, na gari lilipotoka magoti yake yalikuwa hayakunji tena. Magari haya yako chini sana, hata mzima anaingia kwa hesabu. Akasema basi, nendeni tu, mimi nimeshaona. Mdogo wangu akanitazama, akaenda kufungua paa. Tulimnyanyua watatu, tukamshusha kitini kutokea juu, polepole, kama mtoto anavyolazwa. Mlango wake niliufunga kwa kidole kimoja. Tulizunguka saa nzima, hakusema kitu, alikuwa amenyoosha mkono nje anaukamata upepo.

Sijaliuza. Siliuzi.

Bi_Usukani
Nimeisoma mara mbili. Mungu akupe nguvu, kaka.

Spana_10
Nimetoka nje kwenda kuangalia la kwangu.

Paa_Wazi
Nyundo, mada sasa ni yako. Baba yupo?

Nyundo_Polepole
Alituacha mwaka jana. Lile zunguko lilikuwa la kwanza kati ya manne.

Mzee_wa_Kabureta
Pole sana, mwanangu. Nimekaa na magari tangu ujana, sijawahi kuona matumizi bora ya paa la kukunja kuliko hayo.

Kutu_Haisahau
Poleni wakuu. Na mimi niongeze la kiufundi hapo hapo, kwa sababu watu watapita hapa wakitafuta msaada. Kabla ya kununua, fungua na funga milango gari likiwa chini. Kisha liinue kwa jeki upande mmoja, urudie. Mlango ukianza kukwama au mwanya ukibadilika waziwazi, bodi imechoka au imeoza mahali usipopaona. Na mkanda wa usalama uvute wote hadi mwisho. Ukikuta mstari wa tope chini kabisa, gari hilo liliwahi kuzama.

Mgeni_Barabarani
Naandika yote haya. Kuhusu marekebisho je? Naona wengine wanaweka upinde wa chuma nyuma ya viti.

Turbo_Taratibu
Weka siku ya kwanza. Linakaza bodi na linapendeza.

Bi_Usukani
Usiweke kwa sababu linapendeza! Kuna matao ya urembo yaliyofungwa kwenye bati jepesi, gari likipinduka yanalala nalo. La kweli linashikwa kwenye chesisi kwa mabamba. Na ukishaweka, kaa kitini mkao wako wa kawaida, mwenzio alaze fimbo iliyonyooka kutoka juu ya fremu ya kioo cha mbele hadi juu ya upinde. Kichwa kikigusa fimbo, upinde huo haukulindi. Halafu uvalishe sponji ngumu, maana wewe huendeshi na helmeti, na ukigongwa kwa nyuma kisogo kinakutana na chuma.

Spana_10
Mimi ningeanza na shokapu na mipira ya mikono ya chini. Nilikata springi ili gari likae chini, nikaacha shokapu za zamani. Lilipendeza likiwa limesimama. Likitembea, kila shimo lilinifikia kwenye meno. Nikarudisha kimo karibu na cha mwanzo, nikaweka shokapu mpya, nikapima alaimenti, nikapata gari jipya. Rimu pia nilitoka 17 nikarudi 15, usukani ukapata uhai.

Kutu_Haisahau
Toleo la kwanza lina dirisha la nyuma la plastiki. Fungua zipu yake kabla ya kukunja paa, la sivyo linajikunja na kupasuka. Paa la toleo la pili lenye kioo linaingia kwenye la kwanza, hayo ndiyo marekebisho ninayoyapenda kuliko turbo zote.

Turbo_Taratibu
Nimekuona.

Paa_Wazi
Paa lisikunjwe likiwa limelowa, linaota ukungu. Na vimirija nilizibua kwa upepo wa kompresa.

Kutu_Haisahau
Upepo wa kompresa hapana! Unachomoa mrija kwenye shingo yake, maji yanamwagika ndani yote. Tumia kamba laini ya plastiki, taratibu, kisha maji ya uvuguvugu.

Spana_10
Mimi natumia upepo kila mwaka, ila kidogo. Sijachomoa kitu.

Kutu_Haisahau
Hujachomoa bado.

Mgeni_Barabarani
Wakuu, nimerudi. Leo jioni nimekwenda kuona MX-5 ya 2001. Nilibeba chupa ya maji kama mtu anayekwenda safari. Nimemwaga nyuma ya kiti upande wa kushoto, yakatokea chini vizuri. Kulia nimemwaga nusu chupa, sijaona tone. Muuzaji akasema yanachelewa. Matairi yameandikwa 2309, yaani wiki ya 23 mwaka 2009, ingawa alisema ni mapya. Injini inaimba. Rangi nzuri mno.

Turbo_Taratibu
Shusha bei, nunua.

Mzee_wa_Kabureta
Mtu aliyekudanganya kuhusu tairi umwamini kuhusu kizingiti?

Nyundo_Polepole
Mgeni, mbele ya tairi la nyuma la kulia, chini kabisa, uliminya kwa kidole?

Mgeni_Barabarani
Giza lilikuwa limeingia. Narudi kesho asubuhi na jeki, tochi na bisibisi.

Nyundo_Polepole
Bisibisi omba ruhusa kwanza. Akikataa, rudi nyumbani.