Mganga anapita, oda yangu ya miche 600 inatupwa kwenye taka. Nimechoka na huu uchafu wa mtandaoni!

Wakuu, habari za usiku. Naandika nikiwa na hasira, herufi zikipishana mnivumilie.

Nina kitalu cha miche ya parachichi hapa Uyole, Mbeya. Aina ya Hass, iliyobebeshwa, ndiyo inayosomesha watoto wangu. Nina ukurasa kwenye mtandao wa kijamii, nina katovuti kadogo nilikotengenezewa na mpwa wangu, na nina barua pepe ya biashara. Vyote vitatu vimegeuka jalala.

Nianze na leo. Asubuhi nimepiga picha miche imejipanga kwenye viriba, nikaiweka, nikaandika bei na mahali. Jioni natoka kumwagilia nakuta komenti 41. Nikasema leo Mungu kanikumbuka. Kufungua, ya kwanza ni mama anamshukuru "babu" aliyemrudishia mume ndani ya siku tatu, na namba ya WhatsApp hii hapa. Ya pili pete ya utajiri. Ya tatu mkopo bila dhamana, pesa ndani ya dakika kumi, ila utangulize ada ya fomu. Ya nne ni yuleyule mama wa mume, maneno yaleyale hadi nukta, ila sasa ana jina la kiume na picha ya mwanajeshi. Kwani huyo babu anarudisha waume wa wanajeshi pia?

Watu halisi walikuwa watatu. Mmoja kauliza bei ambayo nimeiandika pale juu (huyo nimemsamehe, ni ndugu yetu tu). Mmoja kauliza kama natuma Makete. Wa tatu kataka miche 40, na nilipotaka kumjibu nikakuta ameshajibiwa, na akaunti yenye jina la kitalu changu, imezidisha herufi moja tu, na picha ya mbele ni yangu mimi nimeshika mkasi wa kubebeshea. Imemwambia aingie inboksi apate punguzo, atangulize nusu. Mganga ananichafulia ukuta, lakini huyu anakula mteja wangu mezani kwangu, na mteja akilizwa atasema aliyemliza ni mimi.

Nimeripoti ile akaunti. Jibu likaja kabla sijaweka simu chini: wamekagua, haijakiuka viwango vyao. Mwaka jana mke wangu aliandika kwamba jogoo wa jirani akiwika tena saa tisa usiku atamchinja, akafungiwa siku tatu kwa vitisho. Mtandao huohuo.

Sasa kinachonikera zaidi si huo.

Novemba iliyopita, mvua zimeshafungua, kuna kikundi cha wakulima kule Rungwe kiliniandikia barua pepe. Barua ya heshima kabisa, wameambatisha na fomu ya oda: miche 600. Kwa bei yangu ya 4,500 hiyo ni milioni mbili na laki saba. Mimi sikuiona. Kichujio cha barua pepe kiliikamata, kikaitupa kwenye folda ya taka, ikakaa humo siku 30, kisha ikafutwa yenyewe. Wiki hiyohiyo, kwenye kikasha kikuu, mahali pa heshima, nilipokea barua ya mjane wa waziri fulani mwenye mabilioni anayetafuta mcha Mungu wa kumsaidia kuyatoa benki. Barua ya mjane imepita. Ya wakulima imekamatwa.

Nimejua lini? Januari, mwenyekiti wao alipopita Uyole akiwa na safari zake. Mzee wa makamo, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye kitalu?"

"Ndiyo mzee, karibu."

"Sikai. Nimekuja kukuona tu sura. Watu wazima thelathini wamekaa kikao wakakuandikia, hata 'hapana' ukashindwa kujibu?"

Nilitafuta ile barua mbele yake mpaka jasho likanitoka. Haipo. Nitamweleza nini mzee wa watu, kwamba kuna mashine imeamua yeye ni tapeli? Walishachukua miche kwingine. Tena wanasema haikubebeshwa vizuri, nusu imekauka. Hiyo nayo imeniuma, maana mche ukifa shambani umekula mwaka wa mtu.

Baada ya hapo nikaanza kuchimba, maana mimi nikiumia huwa silali. Nimemsumbua mpwa wangu, nimesoma, nimeuliza watu. Nilichogundua kimeniongezea hasira badala ya kuipunguza.

Barua pepe inapotumwa, upande unaopokea huuliza: hii seva (kompyuta) iliyotuma imeruhusiwa na mwenye jina la kikoa, yaani lile jina linalofuata alama ya @? Majibu yanatakiwa yawe yameandikwa kwenye rekodi za kikoa chenyewe. Kuna inayoitwa SPF inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma, kuna DKIM ambayo ni kama mhuri, na DMARC inayosema barua isiyo na mhuri ifanywe nini. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza uzi: anayetuma barua nyingi (kwa Google ni kuanzia kama 5,000 kwa siku) lazima awe na zote tatu, na barua za matangazo ziwe na kitufe cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Hata mtumaji mdogo anatakiwa awe na walau moja kati ya SPF na DKIM.

Sawa. Kile kikundi cha Rungwe kilitengenezewa kikoa na kijana wa mjini, akachukua hela yake, hakuweka rekodi hata moja. Kwa hiyo barua yao ilifika kama mgeni asiye na kitambulisho, imebeba kiambatisho, ina maneno "malipo" na "haraka". Mlinzi wa geti angefanya nini? Lakini tapeli hii ndiyo kazi yake ya kila siku. Ananunua kikoa kipya, anaweka rekodi zote, mhuri upo, kila kitu kimenyooka. Ukikagua makaratasi tu, mhuni ndiye raia mwema. Nyie wenye ofisi, shule, SACCOS, kagueni vikoa vyenu, kuna watu mnawaandikia kila siku na hawawasomi.

Kwenye komenti napo kuna jambo lingine ambalo nalisema kwa kuangalia ukuta wangu tu: komenti ya Kiingereza yenye linki ya sarafu za kidijitali mara nyingi naikuta imefichwa yenyewe. Ya Kiswahili ya mganga haiguswi. Huyo babu angeandika Kiingereza angekamatwa zamani. Ameandika Kiswahili, basi hakuna anayemsoma ila sisi tunaoumia.

Na msiniambie "achana nao, futa tu". Nafuta! Kila jioni nusu saa nafuta. Wanaofanya hivi si watu wa kukaa na kuandika, ni boti (na simaanishi za kwenda Unguja), programu inayozunguka mtandaoni inatafuta kila sanduku lililo wazi iandike. Kwenye tovuti yangu inajaza fomu ya mawasiliano saa nane usiku: "Mpendwa mmiliki wa biashara, tumeona tovuti yako haionekani ukurasa wa kwanza." Miaka ya nyuma walijaza komenti ili linki zao zihesabiwe na mitambo ya kutafuta. Mwaka 2005 Google, Yahoo na MSN wakakubaliana juu ya alama ya kuwekwa kwenye linki, nofollow, ili isimpandishe mtu. Mnadhani waliacha? Kutuma ni bure, kwa nini waache.

Tena ni ugonjwa wa kale. Tarehe 3 Mei 1978 jamaa mmoja wa mauzo, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment, alituma tangazo moja kwa watu karibu 400 wa ARPANET, mtandao uliozaa intaneti hii. Wakamfokea. Lakini kompyuta zikauzika, na hapo ndipo penye tatizo. Miongo imepita, bado wapo wa kununua, ndiyo maana babu hachoki.

Upande wa SMS angalau kuna pa kupeleka. Zile za "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani" nazipeleka 15040 ya TCRA, na kila nikipata nafasi napiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Mama yangu mzazi nimemfundisha na yeye. Komenti na barua pepe je? Mlango mwepesi kama huo sijauona. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha 20 kinachozungumzia ujumbe usioombwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo imeanza kutumika Mei 2023. Nani kati yenu ameshawahi kuona mtu wa komenti za waganga amepandishwa kizimbani? Nauliza kwa nia njema, mwenye kesi ailete.

Halafu tujisute kidogo. Namba zetu wanazitoa wapi? Ingia ofisi yoyote mjini, getini kuna daftari: jina, unakotoka, namba ya simu, saini. Limelala wazi, kalamu imefungwa kwa kamba, daftari halijafungwa. Unaandika yako huku ukisoma za watu ishirini waliokutangulia. Mimi mwenyewe anwani yangu ya barua pepe niliiandika wazi chini ya kila ukurasa wa tovuti, roboti ikapita ikaokota. Hilo kosa langu.

Nilichofanya mpaka sasa: anwani nimeitoa, kuna fomu yenye swali dogo la Kiswahili (mche unapandwa kwenye nini? kiriba), na boti nyingi zimekwama hapo. Mteja mmoja pia alikwama, akanipigia kunilaumu, nikamwambia ni kiriba mzee wangu, akacheka. Kwenye ukurasa nimezuia maneno: babu, pete, mvuto, dhamana. Neno "babu" limenifichia komenti ya mjukuu wa kweli anayemtafutia babu yake miche, kwa hiyo nimelitoa. Na ile folda ya taka sasa naifungua kila usiku kabla ya kulala, kama mtu anayechambua mchele. Barua halali nikiikuta naibonyeza "si taka", eti mashine inajifunza. Tuone.

Yule mzee wa Rungwe nimempigia mara tatu. Ya tatu alipokea. Amesema msimu ujao watajaribu miche 100 kwangu, lakini oda ataileta mkononi, kwenye karatasi, na niisaini mbele yake.

Sasa naomba wenye ujuzi: kuna mtu ana kichujio cha komenti kinachoelewa Kiswahili, hata cha kulipia? Na hiyo akaunti inayotumia picha yangu, mmeifungisha vipi za kwenu? Jibuni hapahapa, inboksi siingii.