Malengelenge yanayowasha viganjani: mafuta ya dukani, glavu au daktari wa ngozi, nianze na lipi?

Chuda_Tanga:
Habari za jioni, wanajukwaa. Huu ni mwezi wa nne viganja vyangu na kingo za vidole vinatoa malengelenge madogo yenye maji, mfano wa punje za sagu zilizozama chini ya ngozi, na usiku yanawasha hadi ninaamka kuyasugua kwenye ukingo wa kitanda. Baada ya wiki mbili au tatu hukauka, ngozi hubambuka, kisha huanza mengine. Nimejibana nikapata shilingi elfu sitini. Je, ninunue mafuta ya klobetasoli ambayo muuzaji wa duka la dawa amenisifia, ninunue glavu, au niitenge fedha hiyo kwa ajili ya daktari wa ngozi?

Muuguzi_Mstaafu:
Mwanangu, malengelenge umeyaeleza vizuri, ila mwenye mikono umemficha. Unafanya kazi gani? Ni mikono yote miwili? Miguu ikoje? Kuna mtu mwingine nyumbani anayejikuna? Bila majibu hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Chuda_Tanga:
Samahani, shangazi. Ni mikono yote miwili, ila wa kulia umezidi. Mimi ni msusi. Kwa siku ninaosha vichwa vinane hadi kumi, mwisho wa wiki ninapaka rangi za nywele, na msimu wa harusi ninachora piko. Nyumbani hakuna mwingine anayewashwa.

Saruji_Mbichi:
Ndugu yangu, kabla hujatoa hata senti, sikiliza yaliyonikuta. Mimi ni fundi uashi. Yalipoanza malengelenge kama hayo, nilikwenda kwenye duka moja la dawa, nikaonyesha mikono juu ya kaunta, na kabla sijamaliza maelezo nikaambiwa ni upele. Nikapewa dawa ya maji ya kupaka mwili mzima, mimi, mke na watoto watatu. Siku tatu nyumba nzima ilinuka dawa, mashuka yalichemshwa, godoro likaanikwa juani, na mke wangu, ambaye hakuwa na kipele hata kimoja, alininunia wiki nzima. Mikono yangu ndiyo kwanza ikapasuka na kutoa maji ya njano. Baadaye nilikwenda kijijini kwenye msiba, nikakaa wiki tatu bila kushika mwiko, na viganja vikawa laini kama vya karani. Siku ya tatu baada ya kurudi kazini, muwasho ukarudi. Daktari alinieleza kwamba saruji mbichi ina chumvi za kromiamu ambazo ngozi yangu imezikataa. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: chunguza mikono yako inapokuwa mbali na kazi.

Bi_Mkunazi:
Mnamtia mtoto gharama bure. Achemshe majani ya mwarobaini, atie chumvi na ndimu, aloweke mikono jioni. Hiyo klobetasoli ndiyo ile ile ya mkorogo inayowabandua wanawake nyuso.

Muuguzi_Mstaafu:
Dada yangu Bi Mkunazi, kuhusu mkorogo unasema kweli, lakini ndimu kwenye ngozi iliyopasuka ni adhabu, si dawa. Klobetasoli ni steroidi kali sana, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi: mtu akiipaka usoni kwa miezi, ngozi hukonda na mishipa huonekana. Ngozi ya kiganja ni nene, na daktari anaweza kuiandika kwa wiki mbili hivi, ya mafuta mazito na si ya krimu, kisha akaipunguza. Kipimo ni mstari mmoja kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza, na huo unatosha viganja viwili. Malengelenge yakiwa yanachuruzika, maji ya pamanganeti, zile chembe za zambarau za kuyeyusha majini, husaidia kuyakausha, mradi yawe na rangi ya waridi iliyofifia. Yakiwa ya zambarau, yataunguza. Kucha zitageuka kahawia, usishtuke.

Bi_Mkunazi:
Bibi yangu hakujua pamanganeti na alikufa na mikono mizuri.

Mla_Korosho:
Mbona hakuna anayezungumzia chakula? Nilisoma kwamba wenye mzio wa nikeli, ile metali ya vifungo na vito vya bei rahisi, huambiwa wapunguze maharage, karanga, korosho, kakao na chai.

Saruji_Mbichi:
Maharage na chai? Basi mwambie aache kula kabisa.

Muuguzi_Mstaafu:
Chakula cha namna hiyo huwafaa wachache ambao kipimo kimethibitisha mzio wao, na hata kwao matokeo hutofautiana. Kwa msusi ningeanza kushuku maji, shampuu na ile rangi nyeusi iliyomo katika piko na rangi za nywele. Vipimo vya mzio vya kubandika mgongoni kwa saa 48 ndivyo vinavyotenganisha dhana na ukweli. Aulizie kwa daktari wa ngozi, na kwa ukanda wa kaskazini pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha magonjwa ya ngozi cha miaka mingi. Glavu ziwe za naitrili, yaani mpira bandia, kwa sababu dawa za nywele hupenya zile za mpira wa kawaida, na ndani avae za pamba, maana jasho nalo huchochea. Chuda, bado hujanijibu kuhusu miguu.

Chuda_Tanga:
Nilidhani haihusiani, shangazi. Katikati ya vidole vya miguu nina fangasi tangu masika, panatoka ngozi nyeupe na pananuka kidogo.

Muuguzi_Mstaafu:
Inahusiana sana! Fangasi wa miguuni anaweza kuufanya mwili utoe malengelenge mikononi, ingawa mikononi kwenyewe fangasi hayupo. Miguu isipotibiwa, utapaka viganja hadi uchoke.

Saruji_Mbichi:
Hapo naomba kupinga kidogo, mama. Mimi pia nilikuwa na fangasi kwa sababu ya viatu vya mpira, na fangasi hao ninao hadi leo, lakini mikono ilipona nilipoacha saruji. Ajaribu kwanza kukaa siku kumi bila kuosha vichwa.

Chuda_Tanga:
Siku kumi bila kuosha vichwa ni siku kumi bila kula, kaka. Nimenunua dawa ya fangasi na glavu za naitrili, ingawa mwenye saluni analalamika kwamba wateja hawapendi kuoshwa kwa glavu. Klobetasoli nimeiacha dukani kwanza. Jambo jingine: malengelenge mapya yamejipanga chini ya pete yangu ya ndoa. Nimejaribu kuivua kwa sabuni mara tatu leo, imegoma.

Muuguzi_Mstaafu:
Sabuni tena, mwanangu? Povu hilo hilo ndilo linalojificha chini ya pete. Tumia mafuta ya mgando.

Bi_Mkunazi:
Au mafuta ya nazi.