Naomba ushauri: kuhesabu mizani za utenzi kwa lugha ya Icon

Assalamu alaykum ndugu zangu. Niko Wete, Pemba. Nna tenzi za marehemu babu nilizozichapa kwenye kompyuta, nataka programu inioneshe kila kipande cha mshororo kisichotimia mizani (silabi) nane. Natumia Icon, lugha ya kuandikia programu, ile ya Ralph Griswold wa Chuo Kikuu cha Arizona, iliyokuja baada ya lugha nyengine, SNOBOL. Raha yake, usemi wa kodi ama unafaulu ama unashindwa, na ukishindwa Icon yenyewe inarudi nyuma kujaribu jawabu jengine. Basi amri ya upto inanitafutia irabu, ya every inazimaliza zote, hesabu imekwisha kwa mstari mmoja wa kodi.

Tabu ni M. "Mtoto" ina irabu mbili lakini mizani tatu. Hiyo nyepesi, M mbele ya T naiongezea moja. Lakini "mbuni" ndege ni mizani mbili, "mbuni" mti wa kahawa ni tatu, na herufi ni zilezile! Niweke jedwali la maneno kama haya, au programu isite iniulize mwenyewe? Na Unicon, mrithi wake, ina faida yoyote kwa kazi ndogo hivi? Wa lugha ya Python karibuni pia, ila mje na sababu.