Mbolea ya ruzuku mama hapati kwa sababu vidole vyake vimelika na jembe!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Nikisubiri nipoe nitaacha.

Naishi Buzuruga hapa Mwanza. Mama yangu analima heka mbili, mahindi na mihogo, upande wa Sengerema. Oktoba iliyopita kitochi chake kilidumbukia ziwani akichota maji, laini nayo ikaenda. Jambo dogo hilo. Sasa nifuateni.

Tangu ruzuku irudi msimu wa 2022/2023, mkulima anaandikishwa kwenye mfumo na namba yake inakuja kwa simu. Ya mama ilikuwa kwenye laini ile ile iliyozama. Bila namba, wakala wa mbolea anakuuzia DAP, ile ya kupandia, kwa bei kamili. Na kurudisha laini ni lazima kidole, usajili ni wa alama za vidole tangu 2019.

Mama ana miaka 68, jembe kalishika tangu yuko msichana. Dole gumba: haisomi. Shahada: haisomi. Vikaenda vyote kumi. Akaambiwa apake mafuta mgando arudi kesho. Akarudi, nauli ya bodaboda juu yake, yale yale. Kijana wa kaunta, tena kwa upole kabisa, akamwambia: "Bibi, pumzisha mikono kama wiki mbili, alama zitarudi."

Novemba! Mvua imeshaanguka, majirani wako shambani, mama apumzishe mikono! Yaani ili mfumo ukutambue kuwa mkulima, uache kwanza kulima.

Nikaenda mwenyewe. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 dakika chache tu (wa zamani tunazikumbuka foleni za kivuko). Nikajua nitamaliza siku hiyo hiyo. Wapi! Siku tatu nzima. Mara mtandao uko chini, mara mhusika katoka. Mtendaji wa kijiji anamfahamu mama kwa jina, jina lake lipo kwenye daftari, shamba analiona kutoka ofisini kwake. Wakala anajibu mfumo haumjui.

Mwisho nikanunua mfuko kwa bei kamili kwa hela yangu. Ulifika mahindi yakiwa yameshaota. Mbolea ya kupandia, jamani!

Halafu naona kwenye taarifa ya habari watu wamekaa ukumbini wanapigiana makofi, kilimo cha kidijitali, ndege nyuki, akili mnemba. Sizikatai. Lakini mfumo ukikwama, karatasi ya mtendaji yenye muhuri ingeshindwa nini? Nani alikaa akaamua mtu wa jembe atambuliwe kwa ngozi ya vidole?

Msimu wa kupanda mwingine unakuja na laini bado hana. Mwenye mzazi aliyekwama hivi akafanikiwa, aniambie: walitumia kidole gani, au kuna njia nyingine? Wa kuniambia nimsajilie kwa jina langu, nimeshaulizia. Shamba si langu.