Umeme unakonyeza: koili ya sumaku ingetusaidia sisi wa Jinja?

Fundi_Masese:
Wakubwa, salaam. Natengeneza mabeseni ya plastiki hapa Jinja. Bwawa la Nalubaale liko pua na mdomo, lakini umeme unakonyeza. Haukatiki, unakonyeza tu: taa zinafifia, kabla hujasema "eh!" umerudi. Nyumbani si kitu. Kwangu kontakta ya pampu (swichi ya sumaku inayowasha mota) imeshaachia, beseni limejaa nusu, plastiki imeganda ndani ya moldi. Jumanne nimeichokonoa dakika arobaini kwa patasi ya shaba (ya chuma ikikwaruza moldi, bosi anakula sahani moja na wewe). Mpwa wangu anayesoma Kyambogo anasema kuna koili ya sumaku inayotunza umeme. Je, tungeweza kutunza umeme wa bwawa la Karuma usiku, tukautumia jioni?

Mwalimu_Tororo:
Mpwa hakudanganyi, ssebo, ila ya usiku sahau. Koili hiyo ni waya wa niobiamu na titani uliopozwa kwa heliamu kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri. Hapo ukinzani (waya kuuzuia mkondo) haupungui, unaisha kabisa. Mwanafizikia Mholanzi Kamerlingh Onnes aliliona jambo hilo kwenye zebaki mwaka 1911. Mkondo ukishaingia unazunguka tu, nishati imekaa kwenye uga sumaku. Ukiitaka inaanza kutoka ndani ya milisekunde.

Sasa pima. Mwaka 1983 Wamarekani walifunga moja Tacoma, ya megajuli 30, kutuliza laini ndefu iliyokuwa ikiyumba. Gawanya kwa 3.6, megajuli za uniti moja: uniti nane na kidogo. Uniti hizi hizi tunazonunua za mita ya Yaka! Birika la kilowati 2 linazimaliza kwa saa nne. Lakini nguvu yake ilikuwa megawati 10, sawa na sola yote ya Soroti jua la utosi. Kwa kasi hiyo imekwisha baada ya sekunde 3. Ghala la usiku unalo tayari, ni ziwa lililo juu ya bwawa.

Fundi_Masese:
Sekunde 3 zinanitosha na chenji inabaki! Kukonyeza kwenyewe hakufiki sekunde moja.

Waya_Mbili:
Ndiyo maana Wajapani walifunga moja kwenye kiwanda cha skrini Kameyama. Lakini wewe wa mabeseni? Mtambo wa kupoza haulali, unakula umeme mchana na usiku. Koili ikipata joto kidogo ukinzani unarudi ghafla, heliamu inachemka na kutoroka. Umeme ukikatika nusu siku utawasha jenereta ili kulinda kifaa cha kukulinda.

Fundi, koili inayokusumbua wewe ni ile ndogo ndani ya kontakta. Mota ikikosa nguvu nusu sekunde bado inazunguka kwa uzito wake. Kontakta ndiyo inayoachia mapema. Lishe koili ya kontakta peke yake kwa UPS ndogo (boksi la betri linaloshika umeme ukipotea), inakula wati chache tu. Mota iache kwenye laini. Na swichi nyekundu ya dharura ikae kati ya UPS na kontakta, la sivyo siku mtu akinaswa mkono utaibonyeza na mashine iendelee.

Fundi_Masese:
Nimefungua boksi sasa hivi: koili imeandikwa volti 220. UPS tunayo moja, ya ofisini, bosi anaangalizia mpira. Ngoja Arsenal wamalize.